Visanduku Viwili

Mimi ndiye niliyeichapa ile karatasi.
Killeen, Texas, mwezi wa Agosti, lami imelainika kama sima,
mizinga ya mazoezi inatikisa vioo vya ofisi
na kahawa ya Koloneli inapiga viwimbi kikombeni.
Chini ya maelezo, kurasa kumi na moja, kuna visanduku viwili:
ASHTAKIWE. ASISHTAKIWE.
Na mstari wa sahihi. Mmoja tu.

Kurasa hizo ni za Marisela Trujillo, miaka ishirini,
fundi wa redio.
Nimezisoma, maana karani husoma hata akijifanya anapanga.
Sitazisimulia. Nitasema tu kwamba mlango ulikuwa na komeo,
komeo lilikuwa upande wa ndani,
na mkono uliolisukuma haukuwa wake.

Ulikuwa wa Sajini Kessler, kasema.
Kessler anayefufua injini ya kifaru
kwa waya na matusi.
Kessler aliyembeba Koloneli mgongoni
siku ile ya jangwani, ambayo ofisi nzima tunaijua
ingawa hakuna aliyewahi kutusimulia hadi mwisho.

Kwetu Voi mjadala ungeishia kwenye methali:
kesi ya nyani, hakimu ngedere.
Lakini Koloneli Whitlow si ngedere, na hapo ndipo penye ugumu.
Binti yangu alipolazwa, alikuja saa nane za usiku
na mfuko wa machungwa, akakaa, akanyamaza vizuri.
Ni mtu mwema.
Na ndiye anayenipa alama kila mwaka,
kwa hiyo lipime neno langu.

Jioni televisheni ya kantini ilituletea wabunge.
Jenerali mmoja, kifua kama dirisha la sonara,
alisema: ukimpokonya kamanda kalamu umempokonya kikosi;
askari atamtii vipi mtu asiyeweza kumwadhibu?
Mama mmoja, kitambulisho cha mwanawe shingoni,
akajibu: kikosi abaki nacho.
Tunachoomba ni kocha asishike kipenga.
Kantini ikacheka. Si wote.
Marisela alikuwa kwenye foleni ya wali, trei mkononi,
akasogea hatua moja
kwa sababu foleni ilisogea.

Siku ya tisa Koloneli akaniita.
"Mwadime, wewe unaonaje?"
Miaka kumi na minne, sijawahi kuulizwa.
Maneno nilikuwa nayo, hapa, kooni, ya Kiswahili yote:
mwamba ngoma, bwana, huvutia kwake,
hata akiwa mwadilifu, hata akifumba macho,
ngozi hufuata vidole.
Mpe mtu mwingine aiwambe. Mpe mwanasheria wa mji wa mbali
asiyejua nani alimbeba nani,
asiyejua machungwa.
Nikasema: "Uamuzi ni wako, bwana."
Kwa Kiingereza linasikika kama heshima.

Akatazama dirishani. Ndege weusi walikuwa wanajaza nyaya
juu ya maegesho, wanagombea nafasi, wanapiga kelele za bawaba kavu.
Akasema wakiitunga sheria hiyo, atapata usingizi.
Akakaa kidogo. Akasema wakiitunga, ataacha kazi.
Nadhani yote mawili yalikuwa kweli.

Kisha akachukua kalamu.

Nakala tatu: faili, makao makuu, mlalamikaji.
Ya tatu niliipeleka mwenyewe, karakana ya redio, saa tano na robo.
Hakuifungua bahasha. Aliuliza jambo moja:
nani ametia sahihi?
Nikamwambia.
"Basi nimeshaisoma," akasema, akaiweka chini ya bisibisi
isipeperushwe na feni.

Nilisimama pale zaidi ya inavyotakiwa.
Redio aliyokuwa akiitengeneza ilianza kushika:
mtu fulani, mahali fulani, anahesabu moja, mbili, tatu,
anauliza kama kuna anayemsikia.